Makinda ya Mkuyuni

Palikuwa na hondohondo wawili, Mbaruku na mkewe Zena, waliochokana hata wakaachana, wakabaki kugombania makinda yao. Mbaruku, mwenye majivuno, alijenga kiota kipya mlimani, kisha akaenda kwa hakimu, Bi Tembo, akiwa na hakika ya kushinda.

"Kwangu kuna upepo mwanana na matunda tele, mheshimiwa," alisema.

"Kwangu kuna mama yao," Zena akamkatiza.

Bi Tembo aliwaongoza mpaka kwenye mkuyu walimokuwa makinda, akaegemeza sikio lake kubwa kwenye tundu la kiota. Mbaruku alipigwa na butwaa. Mnyama ambaye hata simba humpisha njia alikuwa amezuia pumzi ili asikie vitoto vya ndege.

"Wamesemaje?" Mbaruku aliuliza kwa sauti ya chini.

"Wanaogopa kuhamishwahamishwa. Basi watabaki hapa hapa. Mtakaohama ni ninyi, kwa zamu, leo akae nao mama, kesho baba."

"Na kiota changu, mheshimiwa?"

"Nimeletewa kesi ya watoto, Bwana Mbaruku. Ya kiota sikuletewa."

Mbaruku akaruka hadi tundoni, akainamisha kichwa na kusikiliza, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu waanguliwe.

"Nyamaza," kinda mmoja alikuwa akimnong'oneza mwenzake. "Baba amefika. Mabawa yake nayajua."