Betri ya Kombo

Wakati huo wazee wote walikuwa na moyo wa betri na kioo kifuani cha kuonyesha hali yake, na kampuni ya mioyo hiyo ilibadilisha betri pale tu kioo kilipoandika "Imechoka." Cha mzee Kombo kiliandika "Salama," na huku akipanda ngazi anahema kama punda wa kokoto.

Mkewe Mwanakheri, fundi wa kompyuta, aliuchokonoa moyo ule mpaka akajua kuiuliza betri yenyewe, bila kupitia kioo. Ikajibu: chaji asilimia tatu, joto la kukaangia yai.

Akakimbilia kampuni. Wakacheka. "Mama, unaongea na betri? Kioo kinasema salama."

Nyumbani Kombo alimsubiri kitandani. "Haya, fundi wangu, imesemaje?"

Mwanakheri akamfunga vifungo vya shati, taratibu, mpaka kioo kikafichika.

"Salama," akasema.