Taa ya Baba Ukutani

Siku hizi ukitafuta jina, majibu hutokea ukutani kama taa. Inayotazamwa sana hukua na kung'aa; isiyotazamwa huzimika kabisa.

Kila asubuhi Sikudhani na bintiye Mkiwa walitafuta jina la marehemu Chande, baba yake Mkiwa. Taa yake ilikuwa ndogo kama punje ya mtama, maana waliomtazama ni wao wawili tu.

"Shikamoo, baba," Mkiwa husema, ndipo wanywe chai.

Jana waliikuta imekuwa kubwa kama chungwa.

"Mama, nani mwingine anamtafuta baba?" Mkiwa aliuliza kwa furaha.

Kuigusa tu kungemwonyesha mtu huyo. Sikudhani aliinua mkono, akasita, akaushusha begani kwa mwanawe.

"Mtu aliyempenda, mwanangu," alisema taratibu. "Haya, msalimie baba."