Gego la Mwaka wa Mafuriko

Siku hizi mvua ya kata yetu hutolewa kwenye meno ya wazee. Kila jino limetunza, tabaka kwa tabaka, alama ya maji aliyokunywa mtu utotoni. Mtambo huzisoma alama hizo, kisha hushusha mvua ile ile kama ilivyonyesha.

Juzi walinijia vijana wanne, nikiwa ukumbini nachambua mchele.

"Bibi, tumekuja kwa heshima," alisema Ngwembe, kiongozi wao.

"Heshima gani hiyo ya kushika koleo?"

Wakacheka. Nikawaeleza bila haraka kwamba gego langu lilikuwa likiota mwaka ule mto ulipovunja kingo, ukamchukua mama yangu na kitanda chake, pamoja na mbuzi aliyefungwa kwenye tendegu. Ngwembe akawageukia wenzake.

"Mnasikia? Lina maji mengi."

Wawili walinikalia mapajani, mmoja akanibana kichwa kwenye nguzo. Koleo liliteleza likanipasua mdomo. Mara ya pili taya lilialika kama muwa unaovunjwa, na mchele wote ukawa mwekundu.

Mkaza mwanangu Sikudhani aliuosha ule mchele, akanipondea wali. "Angalau tutalima, mama."

Leo asubuhi mawingu yametanda kutoka upande ule ule wa milima. Nje watu wanapiga vigelegele. Nimemwambia Sikudhani apandishe unga darini, kisha ampandishe mtoto. Ananitazama tu, kama anayesubiri nicheke.

Mbuzi wetu nimeshamfungua mwenyewe.