Mzigo wa Msiba Haulipiwi

Gideoni alitaja bei ya kushusha mzigo, kisha akakaa juu ya gunia tupu kama mtu asiyetaka kazi.

Elius alidhani hakusikia vizuri. Bei ile ilikuwa mara mbili ya aliyolipa safari iliyopita, kwenye ghala hilihili la Makambako, kwa mbolea hiihii. Akawatazama makuli wengine. Walikuwa wameegemea ukuta, mikono kwapani kwa sababu ya upepo, na hakuna hata mmoja aliyemtazama usoni.

"Gideoni, mnyalukolo, ndugu yangu, unanichinja," alisema.

"Ndiyo bei ya leo, dereva. Ukiiona kubwa, subiri. Labda mchana itashuka." Gideoni alionyesha banda la mama ntilie ng'ambo ya barabara. "Kanywe chai kwanza. Umekula lakini?"

Hilo ndilo lililomchoma Elius. Kuli anayejali tumbo la dereva ana lake jambo. Aliujua mchezo wao: wanakuchelewesha mpaka uchoke, halafu unatoa chochote wanachotaka. Na leo hakuwa na muda wa kuchezewa. Kesho Jumapili binti yake Peace, mtoto wake wa pekee, alikuwa anapata kipaimara kanisani kwao Mdandu, na viatu vyeupe alivyomwahidi vilikuwa bado dukani.

Viatu vyenyewe vingetoka kwenye hela ya kushusha. Tajiri mwenye lori humkabidhi dereva hela hiyo huko huko Dar es Salaam, na kila shilingi ambayo makuli hawakuipata inakuwa ya dereva. Elius hakuona dhambi yoyote hapo. Makuli wako wengi, alizoea kusema, na migongo yao Mungu kawapa bure.

Alikwenda kwa Getruda, karani wa ghala, kuomba kuchaji simu. Waya wake ulikatika njiani, na simu ilikuwa imezima tangu Mikumi.

"Umeme hakuna," Getruda alisema, macho kwenye meza.

Juu ya kichwa chake taa ilikuwa inawaka. Hata huyu wamemgawia chake, Elius aliwaza, akatoka huku moyo unamchemka. Kama ni ujanja, basi wangemjua yeye ni nani.

Makuli wa ghala lile walikuwa na desturi moja ambayo madereva wote waliifahamu: mzigo wa msiba haulipiwi. Dereva aliyefiwa anashushiwa bure, tena upesi, na kofia inapitishwa. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Elius maisha yake yote yalikuwa barabarani, na njia fupi ndizo alizozipenda.

Alimtafuta marehemu kichwani, akampata mjomba wake mmoja, mvuvi wa Lupingu. Lupingu ni kule ziwani. Nani angekwenda kuhakikisha? Akajifikicha macho kwa vidole vyenye vumbi la mbolea mpaka yakawa mekundu, akarudi walipo.

"Nilikuwa naona aibu kuwaambia," alisema kwa sauti ya chini. "Nina msiba nyumbani. Ndiyo maana nina haraka."

Gideoni akasimama. Akavua kofia. Wale wa ukutani waliacha kuegemea. Elius alingoja wamuulize amefiwa na nani; mjomba alikuwa tayari mdomoni, pamoja na kifua kilichomsumbua na umri wake. Hakuna aliyeuliza.

"Pole, Baba Peace," Gideoni alisema. Siku zote alimwita dereva tu. "Pole sana."

Turubai likafunguliwa. Walishusha bila wimbo na bila utani, wakipishana mlangoni mwa ghala na mifuko mabegani, na hakuna aliyepumzika. Elius aliketi kwenye ngazi ya kichwa cha lori, kichwa amekiinamisha magotini ili wasimwone anavyotabasamu. Wajinga ndio waliwao, alijiambia.

Kisha kofia ikapita. Watu wanaolala na kikombe cha uji walitoa noti. Mzee mmoja alifungua fundo la leso, akatoa zote zilizokuwemo. Elius akazipokea kwa mikono miwili na kushukuru kwa Kibena, kama mtu aliyelelewa vizuri. Inaudhi kusimulia, lakini alizihesabu kwa vidole ndani ya mfuko wa koti kabla hata mzee yule hajamaliza kumpa pole. Zilitosha viatu, na gauni pia. Aliona jinsi Peace atakavyozunguka mbele ya kioo, na kwa mara ya kwanza siku ile akajisikia mtu mwema.

Mzigo ulipokwisha, alisimama apande. Mlango ulikuwa umefungwa, na funguo alizoziacha ndani zilikuwa mkononi mwa Gideoni.

"Huendeshi," Gideoni alisema. "Kaka zako wako njiani na gari. Watakuchukua."

"Kaka zangu?" Elius nusura acheke, akajizuia. "Wamejuaje kama niko hapa?"

Gideoni alimshika bega, na macho yake yalikuwa yamelowa.

"Tusamehe kwa ile bei, ndugu yangu. Mama Peace alimpigia Getruda asubuhi. Alituomba tukucheleweshe, tusikwambie msiba wa mtoto mpaka kaka zako wafike." Akaliachia bega. "Sasa wewe, nani amekwambia?"