Koti la Vernell

Lavonne alimkuta bibi kizee amepiga magoti mbele ya ukuta wa majina, anakwangua jiwe kwa msumari.

"We bibi! Umri huo na bado unachorachora kuta?"

Bibi hakugeuka. Vidole vilikuwa vinamtoka damu. Baridi ya Februari ilikuwa kali, naye kavaa gauni jepesi tu, hana hata sweta.

Lavonne, mtunzaji wa jumba lile la kumbukumbu, alimnyang'anya msumari. Ukuta ule ulibeba majina kumi na tisa ya watu weusi wa Mississippi, waliouawa miaka ya sitini wakidai haki ya kupiga kura. Kesho jumba lingefunguliwa, na watoto wa shule wangekuja kusoma majina hayo. Akainama kutazama uharibifu. Herufi tatu zilikwisha kuchorwa: OPA.

"Opal Dix?" Lavonne alifoka. "Yule msaliti? Aliyewauza wenzake akatokomea Chicago? Nyanya yangu hakutaka hata atajwe mezani!"

"Hakufika Chicago, mwanangu. Walimuua."

"Nani kakwambia?"

"Mama yake alifia kwenye benchi la nyuma kanisani, hakuna wa kumpa mkono." Bibi alimshika Lavonne sketi. "Daktari kanipa wiki tatu. Nisipomwandika leo, ataandikwa na nani? Nirudishie msumari wangu. Nakuomba."

"Hapa haandikwi mtu kwa machozi. Inuka. Njoo uone ushahidi unavyokuwa."

Akamkokota hadi kwenye kabati la kioo. Ndani lilining'inia koti la buluu, kola imegeuzwa nje. Miaka ile akina mama waliwashonea watoto wao majina kwenye kola kabla ya maandamano, ili wakitupwa jela nguo zao zisipotee. Mto ulipourudisha mwili uliovaa koti hili baada ya siku kumi na moja, sura ilikuwa haitambuliki. Kola ndiyo iliyosema: Vernell Sykes. Uzi mwekundu, isipokuwa herufi ya mwisho, iliyoshonwa kwa uzi mweusi. Jeneza halikufunguliwa. Mji mzima ulilia.

"Huyu ndiye shujaa," Lavonne alisema. "Miaka kumi na tisa tu! Shule yetu ina jina lake. Haya, huyo Opal wako ana nini?"

Bibi aliegemeza paji la uso kwenye kioo. Pumzi yake ikakitia kioo ukungu.

"Nilikuwa mwoga," alisema. "Kila mwaka nilijiambia, mwakani nitarudi niseme."

"Useme nini?"

Kidole chenye damu kilipanda taratibu juu ya kioo, kikasimama palipo na ile herufi nyeusi.

"Uzi mwekundu ulimwishia mama," alinong'ona. "Siku ile ya maandamano mvua ilimchapa sana Opal, anatetemeka. Nikavua koti langu, nikamvisha."