Mji Usiotoa Moshi

Salvina ndiye aliyeliona kwanza: ndege haikuja siku ambazo anga lilikuwa tupu. Ilingoja mawingu. Yakishajikusanya juu ya mbuga, baada ya saa sita hivi, mngurumo ulisikika kutoka upande wa Mwanza. Ndege nyeupe iliingia wingu la kwanza, ikatoka, ikazunguka, ikaingia tena.

Alimwambia baba yake. Salvina hakuwa na desturi ya kusema bila kuulizwa, kwa hiyo Masele aliacha kunoa jembe.

"Inajificha," alisema Masele. "Kama chui kwenye majani. Wajanja sana hawa."

Salvina alisimama kidogo, kana kwamba ana neno jingine. Kisha akarudi kwenye ungo wake.

Majirani wote walikwishahamishwa na serikali. Malori yalikuja mwezi wa kwanza, mahindi yakiwa magotini, yakabeba watu, kuku na milango mpaka kijiji kipya ng'ambo ya mbuga, kwenye barabara ya Ushirombo. Masele alijificha porini na mkewe Mektilda na binti yao, wakarudi vumbi lilipotulia.

"Nikishavuna nitahama mwenyewe, kwa miguu yangu," alisema. "Na wewe Salvina utaolewa. Otmar keshajenga huko. Nyumba ya bati!"

Otmar alikuwa mzee mwenye kikohozi alichotoka nacho kwenye mashimo ya dhahabu. Ng'ombe wake walikwishapokelewa. Ndiyo maana Salvina aliishia darasa la nne.

"Ana meno mangapi sasa?" Mektilda alitania. "Tukichelewa mavuno, Baba Salvina, huyo bwana hatakuwa na jino la kutafunia mahindi."

Masele alicheka. Salvina aliendelea kupepeta.

Chumvi ilipokwisha, Salvina ndiye aliyetumwa gulio la Katoro, maana msichana mkimya hakuna amwulizaye anatoka wapi. Alirudi na chumvi na habari. Ndege ile ilitafuta waliobaki nyuma. Ikiona moshi, au nguo kwenye kamba, au mkokoteni mbugani, inapiga picha, na kesho yake watu wanakuja kukamata.

Tangu siku hiyo mji wa Masele haukutoa moshi mchana. Ugali ulipikwa alfajiri, wakala baridi. Mbuzi walifungiwa ndani pamoja na watu. Mkokoteni ulifunikwa matawi. Kuhama nako kukawa hakuwezekani. Kuvuka mbuga kwa maksai kulikuwa safari ya kutwa, hakuna hata kichaka njiani, na masika ilipoanza hapakuwa na siku iliyoisha bila mawingu. Usiku kulikuwa na matope na fisi.

Mngurumo ukija, Masele na mkewe walikimbilia ndani, Mektilda akishika tumbo lake kubwa. Salvina alifuata nyuma.

"Kimbia, wee!" baba yake alifoka. "Unatembea kama bibi harusi!"

Alhamisi moja, kabla ya mapambazuko, uchungu ulimshika Mektilda. Wanawake wote waliojua kuzalisha walikuwa ng'ambo ya mbuga. Jua lilipanda, mtoto hakuja.

"Huyu amekaa vibaya," Mektilda alisema, jasho likimtiririka. "Nipelekeni ng'ambo, kwenye zahanati ya masista."

Masele alitupa matawi pembeni, akawafunga maksai nira. Walikuwa wamemlaza mgonjwa kwenye mkokoteni, juu ya majani makavu, mngurumo uliposikika.

Masele alitazama juu. Aliwafungua maksai, akambeba mkewe kumrudisha ndani.

"Ikiondoka tu, tunakwenda."

Haikuondoka. Ilizunguka juu ya mbuga, ikapotea, ikarudi chini zaidi.

"Mayoo!" Mektilda alilia. Kisha, polepole, kwa sauti ya mtu aliyechoka kugomba: "Baba Salvina. Nife kwa ajili ya picha?"

"Wakinifunga, nani atawalimia ninyi?" Masele alisema. Alikuwa amekaa mlangoni, kichwa mikononi, akilia bila sauti. "Subiri kidogo, mama. Kidogo tu."

Salvina alikuwa ameshika mkono wa mama yake. Asubuhi mkono ule ulikuwa ukimbana mpaka mifupa inauma. Sasa ulilegea. Alifungua kinywa, akakifunga. Kupitia mlango uliokuwa wazi aliona mbuga yote, tambarare, kijani, na mwisho wake kabisa kitu kikimeta juani. Lilikuwa bati jipya la Otmar, la pekee upande ule.

Mkono wa mama ulimponyoka.

"Mama?"

Mektilda alipumua, lakini hakujibu.

Salvina aliinuka. Alimruka baba yake pale mlangoni, akaenda mpaka katikati ya ua, mahali peupe pasipo na kivuli. Alimvuta maksai wa kwanza, akamrudishia nira. Ndege ilitoka winguni, kivuli chake kikapita juu ya paa, juu ya zizi, juu yake.

"Rudi ndani!" Masele alipiga kelele. "Itakuona! Unataka kutuua?"

Alimfunga na wa pili. Alipogeuka, sauti yake ilitoka kubwa kuliko alivyowahi kuisikia mwenyewe.

"Haimtafuti mtu, Baba. Inapima mawingu ya mvua. Fundi wake aliniambia Katoro, siku ileile ya chumvi. Hayo mengine niliyatunga mimi."