Televisheni ya Kutazamwa Mkekani

"Inuka, Mama Egesa, watu wanakuangalia," mume wangu alininong'oneza.

Sikuinuka. Nilikuwa nimeketi sakafuni ndani ya duka la televisheni pale Busia, kando ya ukuta, miguu nimeinyoosha, kama ninavyoketi nyumbani Sikuda. Kwetu wanaume hukaa kwenye makochi, mbele ya televisheni. Mkeka wa wanawake hutandikwa pembeni, karibu na mlango wa jikoni.

Televisheni mbili za mitumba, moja LCD na nyingine plasma, zilikuwa zinaonyesha mpira uleule. Mume wangu alishaweka mkono juu ya LCD. Nyembamba, nyepesi, haili umeme. Plasma ilikuwa nzito kama jiwe la kusagia, na ilitoa joto kama jiko.

Lakini kutoka pale pembeni nilipoketi, LCD yake ilikuwa imefifia, wachezaji wote rangi ya majivu. Kwenye plasma niliona mpaka jasho shingoni mwa kipa.

"Hii inaonyesha vizuri," alisema, amesimama mbele yake.

"Kwako."

"Lakini wewe unaangalia kidogo tu, halafu unarudi jikoni."

"Unadhani narudi kwa nini? Nunua hiyo unayoitaka, Baba Egesa. Ila leo mkekani utakaa wewe."

Mwenye duka akakohoa. Mume wangu alivua kofia, akaketi sakafuni kando yangu, akatazama. Alitazama sana. Kisha akamwambia mwenye duka atafute kamba nene ya kufungia plasma kwenye bodaboda.

Bado sikuinuka.

"Na kochini pia nataka kukaa," nikasema.